Andiko dhana: istilahi yenyewe, na namna ya kufafanua dhana katika uandishi wa kitaaluma

andiko dhana nm (ngeli ya LI-YA, wingi: maandiko dhana). Andiko fupi linaloeleza wazo la utafiti au la mradi kabla ya kuandikwa pendekezo kamili, ili msomaji mwenye mamlaka ya kuruhusu, kusimamia au kufadhili aamue kama wazo hilo linastahili kuendelezwa.

Istilahi na jirani zake

Umbo la *andiko dhana* limeundwa kwa kuweka nomino mbili sambamba, ya pili ikiifafanua ya kwanza, kama ilivyo katika *askari kanzu*, *bata mzinga* na *mbwa mwitu*. Wapo wanaoandika *andiko la dhana*, na hakuna kosa la kisarufi katika umbo hilo. Tatizo lake ni kwamba linaweza kueleweka kuwa ni andiko lolote linalozungumzia dhana fulani, kwa mfano insha kuhusu dhana ya utu. Kwa sababu hiyo umbo lisilo na kihusishi linafaa zaidi pale inapokusudiwa aina mahususi ya waraka.

Andiko dhana lisichanganywe na *pendekezo la utafiti*, ambalo ni refu na hueleza kwa kina mapitio ya maandishi, kiunzi cha nadharia, mbinu, ratiba na bajeti. Lisichanganywe pia na *andiko la mradi*, ambalo katika ofisi za halmashauri na mashirika ya Tanzania hufupishwa mara nyingi kuwa "andiko" tu. Mtu akisema "tumeandika andiko, tunasubiri fedha", huenda anamaanisha waraka wa kurasa arobaini. Neno *dokezo* nalo limekwisha kupata kazi yake katika utawala wa serikali, kama katika *dokezo sabili*, hivyo si busara kulitwika mzigo huu mwingine.

Kwa kawaida andiko dhana la mwanafunzi huwa na kurasa tatu hadi tano. Hubeba kichwa cha utafiti, usuli mfupi, tatizo, lengo, maswali, dhana kuu, na maelezo mafupi ya mbinu na ya umuhimu wa utafiti. Vyuo hutofautiana katika mpangilio, na mwandishi afuate mwongozo wa chuo chake. Sehemu hizo hazitajadiliwa moja moja hapa, kwa kuwa nyingi hujaza nafasi bila taabu. Sehemu inayowashinda wengi, nayo ndiyo iliyoupa waraka huu jina lake, ni ufafanuzi wa dhana.

Dhana, istilahi, fasili, fasiri

*Dhana* imetokana na neno la Kiarabu lenye maana ya kukisia au kushuku, na ukoo huo haujafutika. Kitenzi *dhani* bado ni cha mtu asiye na hakika, na *kumdhania mtu* vibaya ni kumhukumu kabla ya ushahidi. Katika taaluma tumelipandisha neno hili daraja, likawa na maana ya wazo la jumla linalokusanya vitu vingi chini ya jina moja. Hata hivyo, mwandishi wa andiko dhana angefanya vyema kuikumbuka maana ya kale, kwa sababu dhana isiyofafanuliwa hurudi upesi kuwa dhana ya mtaani, yaani kile ambacho kila msomaji anakidhani kivyake.

*Istilahi* ni neno ambalo wanataaluma wamekubaliana litumike kwa dhana fulani, na maana ya makubaliano imo ndani ya asili yake ya Kiarabu. Dhana moja inaweza kuwa na istilahi mbili zinazoshindana, na istilahi moja inaweza kufunika dhana mbili. *Fasili* ni maelezo yanayoiwekea dhana mipaka, yakitenganisha kilichomo na kisichokuwamo. *Fasiri* ni kuhamisha maana kutoka lugha moja kwenda nyingine au kuieleza. Makosa ya kuandika "kufasiri dhana" pale inapokusudiwa "kufasili dhana" ni mengi katika tasnifu, na si ya tahajia peke yake, kwani aliyefasiri neno hajasema bado mpaka wake uko wapi.

Fasili ya kawaida huitaja jinsi ambamo kitu kimo, kisha tofauti inayokibainisha na vingine vya jinsi hiyo. Kamusi za jumla, kama *Kamusi ya Kiswahili Sanifu* ya TUKI iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1981 au *Kamusi Kuu ya Kiswahili* ya BAKITA ya mwaka 2015, hufanya kazi hiyo kwa ajili ya watumiaji wote wa lugha. Ndiyo maana andiko dhana linaloanza kwa kunakili kidahizo cha kamusi huwa limekwepa kazi. Kamusi inaeleza watu hulitumiaje neno. Mtafiti anatakiwa kueleza, katika utafiti wake, ni kitu gani kitahesabiwa na ni kipi hakitahesabiwa.

Mfano: ardhi "isiyotumika" katika Hanang

Tuseme mwanafunzi wa shahada ya umahiri anayetoka Jorodom, katika eneo la Mbulu na Hanang mkoani Manyara, anaandika andiko dhana kuhusu mabadiliko ya matumizi ya ardhi katika vijiji vya wafugaji. Katika aya ya pili anaandika: "Sehemu kubwa ya ardhi ya eneo hili haikuwa ikitumika kabla ya kuanzishwa kwa kilimo cha kisasa." Sentensi hiyo inasomeka vizuri, na msimamizi aliye na haraka anaweza kuipitisha. Lakini maneno mawili, "haikuwa ikitumika", yamebeba dhana ambayo katika wilaya hiyo hiyo iliwahi kufikishwa mahakamani.

Katika miaka ya 1970 Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula, NAFCO, likisaidiwa na Kanada, lilianzisha mashamba makubwa ya ngano katika nyanda za Basotu na maeneo jirani ya Hanang. Mashamba hayo yalifikia saba, yenye jumla ya ekari zipatazo 100,000. Ardhi hiyo ilikuwa malisho ya Wabarbaig, tawi kubwa la Wadatooga. Wabarbaig hawakai na ng'ombe wote mahali pamoja mwaka mzima. Huhama kwa misimu kufuata majani na maji, na nyanda zenye rutuba, ambazo kwa lugha yao huitwa *muhajega*, ni sehemu moja ya mzunguko huo. Mpimaji akifika katika mwezi ambao mifugo iko kwingine, ataona nyasi ndefu na ukimya. Akiandika "ardhi haitumiki", hajasema uongo kuhusu alichokiona siku ile. Alichokosea ni kuipima dhana ya kutumika kwa siku moja, ilhali wenyeji huipima kwa mwaka mzima. Isitoshe, Wabarbaig humzika mzee aliyeheshimika kwa mazishi yaitwayo *bung'ed*, nayo huacha kichuguu cha udongo juu ya kaburi. Mahali pa namna hiyo hapana nyumba wala zizi, na kwa hesabu ya mkulima pana nafasi ya trekta kupita.

Mgogoro ulipofika mahakamani, Baraza la Kijiji cha Mulbadaw pamoja na watu wengine 67 walilishtaki NAFCO. Katika Mahakama Kuu, kwa uamuzi ulioripotiwa mwaka 1984, wanakijiji walishinda. Mwaka 1985 ikaripotiwa hukumu ya Mahakama ya Rufani iliyotengua ushindi huo. Sababu zake zinafaa kusomwa na kila mwalimu wa uandishi wa kitaaluma. Mahakama iliona kwamba hapakuwa na ushahidi kuwa ardhi iligawiwa kwa baraza la kijiji na mamlaka ya wilaya. Kuhusu wanakijiji mmoja mmoja, iliona hawakuthibitisha kuwa wao ni watu wa kundi ambalo sheria ya ardhi ya wakati wa ukoloni, iliyokuwa bado ikitumika, ililitambua kuwa na haki ya ardhi kwa mila. Neno la Kiingereza lililotumika katika sheria hiyo lingeweza kufasiriwa kwa Kiswahili kuwa *mwenyeji*, *mzawa* au *mtu wa asili*, na kila fasiri ingekusanya watu tofauti. Mhamiaji aliyeishi Mulbadaw miaka thelathini ni mwenyeji bila shaka yoyote, si mzawa, na kuhusu uasili wake watu watabishana hadi usiku.

Zipo hoja nyingine za kisheria na za kisiasa katika shauri hilo, na si kazi ya makala hii kuzipima. Kinachohusika hapa ni kwamba fasili ilifanya kazi ya kuhesabu: huyu yumo, yule hayumo.

Wala jambo hilo halikuishia miaka ya 1980. Mwaka 1999 Bunge lilipitisha sheria mbili pacha, Sheria ya Ardhi Na. 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5. Zote mbili zinafasili *ardhi ya jumla* kuwa ni ardhi ya umma isiyo ya hifadhi wala ya kijiji. Lakini fasili ya sheria ya kwanza inaongeza kuwa ardhi hiyo inajumuisha ardhi ya kijiji isiyokaliwa au isiyotumika. Fasili ya sheria ya pili haina nyongeza hiyo. Kwa hiyo eneo la malisho lililopumzishwa linaweza kuwa la kijiji ukifungua kitabu kimoja, na likatiliwa shaka ukifungua kingine. Mwanafunzi anayeandika kwamba anatumia dhana ya ardhi ya jumla "kwa mujibu wa sheria za Tanzania" hajasema kitu mpaka ataje ni sheria ipi kati ya hizo mbili.

Kuiandika upya aya ya dhana

Turudi kwa mwanafunzi wetu. Badala ya sentensi yake ya kwanza, anaweza kuandika hivi:

"Katika utafiti huu, ardhi inayotumika ni eneo lolote ambalo wakazi wa kijiji wamelitegemea kwa malisho, maji, kilimo, kuni, dawa, njia ya mifugo au mazishi, katika msimu wowote wa mwaka, ndani ya miaka mitano kabla ya utafiti, hata kama siku ya upimaji hapakuonekana mtu wala mnyama. Eneo lililoachwa kwa makusudi ili majani yaote upya linahesabiwa kuwa linatumika. Eneo ambalo wakazi wenyewe wanasema wameliacha, kwa mfano kwa sababu ya mbung'o au ukosefu wa maji, halihesabiwi."

Aya hii haina uzuri wa kupigiwa makofi, lakini inaweza kujaribiwa. Watafiti wawili wakiichukua na kwenda kila mmoja peke yake katika kijiji kimoja, orodha zao za maeneo zitakaribiana. Imetaja matumizi, imetaja muda, imetaja kisa chenye utata kilicho ndani na kisa chenye utata kilicho nje. Visa hivyo viwili vya mpakani ndivyo humwonyesha msomaji kwamba mwandishi ameifikiri dhana yake. Visa vya katikati, kama shamba la mahindi lililolimwa mwaka huu, havina mtu wa kuvibishia.

Hata hivyo aya hiyo bado ina kasoro, na msimamizi makini ataiona. Kipimo cha miaka mitano kinafaa kwa malisho na kuni, lakini hakifai kwa makaburi. Kichuguu cha bung'ed cha miaka arobaini iliyopita kitakuwa nje ya fasili, ingawa ukoo wa marehemu bado unakitambua. Mwandishi ana njia mbili: kuyatenga mazishi na kuyapa muda wake, au kubadilisha kigezo kutoka tarehe ya tendo hadi utambuzi wa wakazi wa sasa. Kwa maoni yangu njia ya pili ni bora, ingawa itamlazimu aeleze ni wakazi wangapi wakitambua ndipo eneo lihesabike. Kila fasili inayorekebishwa huzaa swali dogo zaidi, na andiko dhana ni mahali pa kulizaa swali hilo mapema, kabla fedha za utafiti hazijatumika.

Kosa linalopatikana mara kwa mara katika hatua hii ni kurundika fasili za wataalamu watano, moja baada ya nyingine, kisha kumaliza kwa maneno "fasili hizi zote zinafanana". Mara nyingi hazifanani. Inatosha kutaja fasili mbili zinazopingana, kuonyesha zinapoachana, na kusema utafiti unashika ipi na kwa nini.

Vizio vya kuhesabia

Maneno ya kawaida yanahitaji fasili kuliko maneno magumu, kwa kuwa hakuna anayeyashuku. *Kaya* ni mfano. Dodoso nyingi hulichukulia kuwa watu wanaokula chungu kimoja chini ya mkuu mmoja. Boma la Kidatooga linaweza kuwa na nyumba za wake kadhaa, kila mmoja akiwa na ng'ombe wake wa kukamua na watoto anaowalisha. Je, hiyo ni kaya moja au ni tatu? Jibu lolote linakubalika mradi liandikwe, maana wastani wa mifugo kwa kaya utapanda au kushuka mara tatu kulingana na jibu hilo. *Kijiji* nalo, tangu vijiji vilipoundwa upya katika miaka ya 1970 na kuandikishwa chini ya sheria ya mwaka 1975, ni chombo cha kisheria chenye mipaka na baraza, na halilingani daima na kijiji kama ujirani wa watu waliozoeana.

Maneno ya lugha nyingine na majina ya watu

Mbulu na Hanang ni miongoni mwa maeneo machache ya Afrika ambako lugha za Kikushi, Kiniloti na Kibantu zinakutana, na bondeni Yaeda kuna Kihadza, ambacho hakijathibitishwa kuwa na undugu na lugha nyingine yoyote. Mtafiti anayeandika kwa Kiswahili hapo ni mfasiri hata kama hajakusudia. Kanuni inayofaa ni kuliacha neno la wenyeji katika umbo lake, kwa mlazo, kulieleza mara ya kwanza linapotokea, kisha kulitumia bila kulibadilisha. Muhajega ikigeuzwa kuwa "malisho" katika ukurasa wa pili, na "nyika" katika ukurasa wa nne, msomaji atadhani mambo matatu yanazungumzwa, na habari ya rutuba na msimu itakuwa imepotea njiani.

Majina ya jamii yana mtego wake. *Mang'ati*, jina ambalo Watanzania wengi huwaita Wadatooga, linatokana na neno la Kimaasai lenye maana ya adui. Andiko dhana linalotangaza kuchunguza "mahusiano ya amani kati ya Wamang'ati na majirani zao" limekwisha kutoa hukumu katika kichwa chake. *Wambulu* kwa maana ya Wairaqw si tusi, lakini linachanganya watu na mahali, kwa kuwa si kila mkazi wa Mbulu ni Mwiraqw, na Wairaqw wengi wanaishi Karatu, Babati na Hanang. Utafiti wa lugha utumie *Wairaqw*. Utafiti wa wakazi wa wilaya useme *wakazi wa Mbulu*.

Dhana na nadharia tete

Kuna jambo la mwisho la kutenganisha. Dhana hufasiliwa, nadharia tete hujaribiwa, na moja ikivaa vazi la nyingine hupatikana "ukweli" usio na mzazi. Eneo hili hili linatoa mfano maarufu. Kwa sababu ya mfanano wa majina, ilikisiwa kwamba Wairaqw walitoka Iraki. Mwanaanthropolojia Ole Bjørn Rekdal, aliyefanya utafiti wake Mbulu, alichapisha mwaka 1998 makala iliyofuatilia jinsi kisio hilo lilivyorudiwa katika maandishi hadi likageuka kisasili. Kiisimu, Kiiraqw ni lugha ya Kikushi, na ndugu wa tawi hilo wametapakaa Ethiopia, Somalia na kaskazini mwa Kenya. Na hiyo *qw* ya mwisho katika jina ni konsonanti moja inayotamkwa kwa kuviringa midomo, wala si *q* ya Iraki iliyoongezewa herufi.

Katika andiko dhana, kishazi kama "Wairaqw, jamii yenye asili ya Iraki," kimefichwa mahali pa maelezo ya jina, ambapo hakuna anayeuliza ushahidi. Mwandishi akikitaka kidai hicho, akitoe katika kishazi tegemezi na kukiweka katika sentensi yake yenyewe, chenye kitenzi cha kudai na jina la aliyedai: "Fulani anadai kwamba…". Kikishindwa kusimama hapo, kifutwe.

Upatanisho na tahajia

Andiko dhana hili limewasilishwa. Maandiko dhana haya yamewasilishwa. Upatanisho hufuata *andiko*, wala si *dhana*: "andiko dhana langu", si "andiko dhana yangu". Katika "andiko dhana lenye dhana zilizofafanuliwa" kila nomino inashika ngeli yake. Kistari (*andiko-dhana*) hakihitajiki. Herufi kubwa hutumika pale tu maneno haya yanapokuwa sehemu ya kichwa cha waraka.